Uzi: Kutambua vitu vya msingi vya mfumo wa kudhibiti uingiaji, kuanzia pambizoni mwa daftari la geti

Fundi_Kibokoni (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum wanajukwaa. Nimepewa kazi ya kuandika programu ya kudhibiti uingiaji katika yadi moja ya makontena upande wa Changamwe, hapa Mombasa. Hadi leo yadi hiyo inaendeshwa kwa daftari kubwa la jalada gumu, kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikaondoka na madereva, na masoja wawili kwa kila zamu. Kabla sijaandika hata mstari mmoja wa programu nimejiwekea sharti la kutambua vitu ambavyo mfumo utalazimika kuvijua kwa majina yake, yaani kipi ni kitu kinachojitegemea, kipi ni sifa tu ya kitu kingine, na kipi ni tendo lililofanyika likapita. Naomba mnikosoe bila kunionea haya.

Uangalifu huu haukuja bure. Miaka michache iliyopita niliandika mfumo wa aina hii kwa mwajiri mwingine, na nambari ya kadi nikaifanya ndiyo utambulisho wa mfanyakazi. Mfanyakazi mmoja akaacha kazi, kadi yake ikarudishwa ofisini, ikapanguswa vumbi, akapewa kijana aliyeajiriwa baada yake. Siku zilipopotea betri mbili za lori tulifungua kumbukumbu za miezi iliyotangulia, na kila alipopita yule wa zamani likajitokeza jina la kijana huyu, hata katika tarehe ambazo alikuwa bado yuko kwao akitafuta kazi. Alihojiwa asubuhi nzima. Aliyemponza ni mimi, kwa uamuzi wa dakika mbili nilioufanya mapema: kwamba mtu na kadi ni kitu kimoja.

Basi juma lililopita niliketi katika kibanda cha masoja nikalisoma daftari lao ukurasa baada ya ukurasa. Vichwa vya safu zake ni sita: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya gari, anakokwenda, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mwenye haraka angezigeuza safu hizo kuwa jedwali la sehemu sita na kudai malipo yake. Macho yangu yalivutwa zaidi na pambizo, ambako soja huandika yale yasiyokuwa na safu. Nanukuu machache kama yalivyo: "Ameacha kitambulisho." "Amepewa beji 14." "Ameruhusiwa na ofisi." "Amerudi, alisahau karatasi." "Hajatoka hadi saa 12, zamu imeambiwa."

Dai langu ni kwamba vitu tunavyovitafuta viko humo pambizoni kuliko vilivyo katika vichwa vya safu. Beji 14 si mtu wala si kitambulisho cha taifa. Ni mali ya yadi inayoazimwa kwa muda, na kesho itakuwa shingoni mwa mtu mwingine. "Ofisi" iliyoruhusu ni mtu fulani ambaye daftari limemficha. Na yule aliyerudi kwa kusahau karatasi anaonyesha kwamba ruhusa moja yaweza kutumika mara mbili, kwa hiyo ruhusa na kuingia si jambo moja.

Kwa sasa nina vitu sita. Mtu. Kithibitisho, jina nililolichagua kwa makusudi, kwa maana hapa kwetu ukisema "kitambulisho" kila mmoja anafikiria ile kadi ya serikali, nami nahitaji neno moja la kubeba beji, kadi ya kugusisha, namba ya siri na alama ya kidole. Eneo, yaani mahali panapolindwa: yadi ya wazi, ghala, ofisi ya forodha, chumba cha mitambo. Kivuko, yaani geti au mlango. Sikukiita mlango kwa sababu mlango wenyewe haulindwi, kinacholindwa ni kilicho upande wa pili. Feri ya Likoni si Likoni wala si kisiwa cha Mombasa. Ni njia baina ya viwili hivyo, na anayekwenda si sawa na anayerudi. Kwa hiyo kila kivuko kina maeneo mawili na mwelekeo. Kisha Ruhusa, na mwisho Tukio, ambalo ni kumbukumbu ya kilichotokea. Haihaririwi wala haifutwi, na ikikosewa huandikwa nyingine ya kuisahihisha.

Bint_Makadara

Wa aleikum salaam, kaka. Nimekusoma kwa makini, ila naona unaanza mbali mno jambo ambalo wenzetu wameshalimaliza. Watafiti wa Marekani David Ferraiolo na Richard Kuhn waliwasilisha mfano wa udhibiti kwa kufuata nyadhifa mwaka 1992, na mwaka 2004 ukawa kiwango rasmi cha Marekani. Ndani yake mna watumiaji, nyadhifa, vipindi (yaani muda mtumiaji anapokuwa ndani ya mfumo), na ruhusa, na ruhusa maana yake ni tendo fulani juu ya kitu fulani. Mtu hapewi ruhusa moja kwa moja. Anapewa wadhifa, na wadhifa ndio uliobeba ruhusa. Mkuu wa ghala akihamishwa, unamvua wadhifa mmoja na kumvika mwingine, bila kufuatilia milango kumi na miwili mmoja mmoja. Ukiyachukua hayo yalivyo, umebakisha nini cha kutafuta daftarini?

Fundi_Kibokoni

Dada, mfano huo naukubali kwa wafanyakazi wa kudumu na nitautumia kwao. Kwetu "kitu" cha ule mfano ni eneo na "tendo" ni kuingia, na hapo hauna taabu. Taabu iko kwa wengi wanaopita geti lile, ambao hawana wadhifa wowote katika yadi. Dereva amekuja leo kuchukua kontena moja, na huenda asionekane tena hadi baada ya Ramadhani. Ukimpa wadhifa unaoitwa "dereva," umewapa madereva wote wa pwani haki ya kuingia siku yoyote. Ukimtengenezea wadhifa wake peke yake, utakuwa na nyadhifa nyingi kuliko watu.

Mwanasayansi wa kompyuta Butler Lampson alipouchora udhibiti mwaka 1971 kama jedwali, watendaji wakiwa safu mlalo na vitu vikiwa safu wima, kila kisanduku kilibeba kile ambacho mtendaji huyu anaruhusiwa kukifanya kwa kitu kile. Jedwali hilo ni zuri kwa kueleza hali ilivyo kwa nukta moja ya wakati. Mimi ninalohitaji kulijua ni kisanduku kilijazwa na nani, kwa karatasi ipi, na kitafutika saa ngapi. Ruhusa ya dereva huzaliwa pale wakala wa forodha anapowasilisha hati ya kuchukua mzigo, huishi hadi jioni au hadi kontena litoke, lolote litakalotangulia, na inaweza kufutwa katikati kama mzigo umezuiliwa. Kitu chenye kuzaliwa, kuishi na kufa hakiwezi kuwa alama ya tiki ndani ya kisanduku. Ndiyo maana Ruhusa nimeipa nafasi yake yenyewe, na ndani yake mna mwenye kuruhusiwa, eneo, muda, sababu, na aliyeidhinisha.

Mwalimu_Tudor

Mimi si mtu wa kompyuta kwa kazi. Nafundisha lugha, na kompyuta ni za binti yangu. Yeye ndiye aliyenionyesha uzi huu, akaniambia kwamba mtaalamu wa kompyuta Russell Abbott alipendekeza mwaka 1983 kuandika tatizo kwa maneno ya kawaida kisha kuyasoma tena, nomino zikawa vitu na vitenzi vikawa matendo. Abbott alikuwa anazungumzia maelezo ya Kiingereza. Nimejaribu kuyasoma maandishi ya soja kwa jicho hilo, na Kiswahili chetu kinatoa zaidi ya hapo.

La kwanza ni kauli ya kutendwa. "Ameruhusiwa." "Amepewa." "Imeambiwa." Kila kitenzi chenye kile kiambishi -w- kinaficha mtendaji, na soja anakitumia kwa sababu pambizo ni nyembamba. Kwa hiyo kila unapokiona, simama uulize: na nani? Jibu la swali hilo ama ni kitu ulichonacho tayari katika orodha yako, ama ni kitu kilichokukosa. Katika mifano mitano uliyotunukulia, mitatu ina mtendaji aliyetoweka au aliyetajwa kwa jina la nyumba badala ya jina la mtu, kama hiyo "ofisi."

La pili ni mahali. Neno "getini" ni moja, lakini lina upatanisho wa namna tatu. Getini pana mtu: amesimama pale pale, kwenye nukta. Getini kuna watu: wako upande ule, jumla jumla. Getini mna watu: wamo ndani ya jengo la geti. Wewe umevitenganisha kivuko na eneo, jambo ambalo lugha imelitenganisha zamani kwa pa na mu. Ila umeisahau ku, yaani upande wa nje, foleni ya malori barabarani kabla ya geti. Je, hilo nalo si eneo? Kivuko chenye maeneo mawili lazima kiwe na eneo la nje upande mmoja, hata kama halilindwi na mtu.

Fundi_Kibokoni

Maalim, shukran sana. "Nje" nilikuwa nimeiacha tupu katika mchoro wangu, na utupu huo ungeniletea hesabu za ajabu kila mtu anapotoka, kwa sababu mfumo ungesema hayuko popote. Nimeiongeza kama eneo halisi. Hilo la -w- nitalitumia kesho kwa daftari zima.

Stima_Mikindani

Mimi nafunga vifaa, kwa hiyo naomba niongeze yale ambayo waandishi wa programu hutuachia sisi tuyavumbue ngazini huku tumeshika nyaya.

Kuhusu kadi, kosa alilolisimulia mwanzisha uzi lina mwenzake. Kadi nyingi za bei nafuu zinatumia mpangilio wa Wiegand, yaani namna ya kupeleka nambari ya kadi kutoka kwa kisomaji, wa biti 26 (biti ni tarakimu ya 0 au 1): biti 8 ni msimbo wa mahali, biti 16 ni nambari ya kadi, na 2 zilizobaki ni za kukagua usahihi. Hesabu yake ni kwamba kuna misimbo 256 tu ya mahali, na nambari 65,536 tu za kadi kwa kila msimbo. Mpangilio huo ni wa wazi na hakuna msimamizi anayezuia nambari zisirudiwe, hivyo mkinunua boksi la pili kwa muuzaji mwingine mnaweza kupata kadi mbili zinazosomeka sawasawa. Nimekutana nazo zaidi ya mara moja. Kwa hiyo hata Kithibitisho kisitambulishwe kwa nambari iliyochapwa juu yake. Kipe utambulisho wako mwenyewe ndani ya mfumo, na nambari ibaki kuwa sifa.

Kuhusu milango, tafadhali msikiite kivuko na kufuli lake kitu kimoja. Kufuli la sumaku hushikilia mlango kwa umeme, na stima ikikatika mlango unaachia. Liko kufuli jingine ambalo stima ikikatika linabaki limefunga, ingawa wa ndani huweza kutoka kwa kuzungusha kitasa. Lipi liwekwe wapi ni suala la moto na uhai wa watu kabla ya kuwa suala la wezi. Wanasayansi wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika mwaka 1975 kwamba msingi salama ni kukataa hadi iwepo ruhusa, na katika programu hilo ni sawa kabisa. Katika mlango wa kutokea wakati wa moto, ukiufuata msingi huo umewafungia watu ndani. Kivuko kiwe na sifa inayosema kinafanyaje umeme ukipotea, na sifa hiyo isibadilishwe na mtu wa ofisini kwa kubonyeza tu. Nimalizie hapo, nina kazi ya kupanda.

Bint_Makadara

Nimeridhika kuhusu Ruhusa, kaka. Niliiona kama maelezo ya ziada ya wadhifa, kumbe ni kinyume chake: wadhifa ni njia mojawapo tu ya kuizalisha ruhusa. Lakini umeiweka alama ya kidole ndani ya Kithibitisho pamoja na beji, kana kwamba ni ndugu. Beji ikipotea unaifuta na kutoa nyingine. Kidole hakifutiki wala hakibadilishwi. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za kibiometria kuwa data nyeti za mtu binafsi. Ukiviweka katika jedwali moja, siku utakapotakiwa kufuta kiolezo cha kidole (yaani nakala ya alama iliyohifadhiwa mfumoni) cha mfanyakazi aliyeondoka utajikuta unafuta na historia ya kupita kwake, au unaibakisha historia na kidole pia.

Fundi_Kibokoni

Ni kweli. Nitabakisha Kithibitisho kama kitu cha jumla, na kiolezo cha kidole kihifadhiwe kando, kikiwa na tarehe yake ya kufutwa na ridhaa ya mwenyewe. Tukio litataja tu kwamba kithibitisho fulani kilitumika, bila kubeba kiolezo chenyewe. Na kwa wageni wa siku moja sitachukua vidole kabisa, beji inatosha.

Mzee_wa_Geti

Wanangu, mimi nimekaa mageti ya mji huu miaka mingi, na sasa nimestaafu. Nimesoma yote. Mmesema kweli, lakini kuna mambo ambayo hata pambizoni hatukuyaandika, na huyu kijana akiamini kwamba kila kitu kimo daftarini atakosea.

Kwanza gari. Mmelitaja kama safu moja. Lori la makontena ni vitu viwili: kichwa chenye nambari inayoanza na K, na trela yenye nambari yake inayoanza na Z. Kichwa huingia na trela moja, kikaiacha ipakiwe, kikatoka na trela nyingine iliyokuwa tayari. Sisi tuliandika nambari ya kichwa tu, kwa sababu ndiyo iliyo mbele ya macho ya soja. Kwenye daftari gari limeingia na limetoka, hesabu imekaa sawa. Trela ya kwanza iko ndani siku tatu na hakuna aliyeiandika. Mtu anatafuta trela yake, daftari linasema iliondoka.

Pili utingo. Yeye huingia ndani ya gari la dereva na mara nyingi hana beji. Dereva hugusisha kadi, geti hufunguka, wamepita wawili. Na nyinyi mkiweka kifaa cha kumzuia mtu asiingie mara mbili bila kutoka, jueni kwamba dereva atapitisha kadi dirishani ampe aliye nyuma.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Wale tuliowakataa hatukuwaandika. Daftari lilikuwa la waliopita. Mtu amekuja asubuhi na karatasi isiyoeleweka, nimemrudisha. Jioni zamu imebadilika, amekuja tena na karatasi ile ile kwa mwenzangu ambaye hajui kitu, akapita. Mwenzangu hakuwa mzembe. Hakuwa na mahali pa kusoma kwamba mimi nilikataa, wala kwa nini.

Fundi_Kibokoni

Shikamoo mzee wangu. Umeniangushia nusu ya mchoro, na nakushukuru. Nilijenga dai langu juu ya yaliyoandikwa pambizoni, na hili la waliokataliwa halikuandikwa popote.

Nimekaa usiku nikaupanga upya. Kile nilichokiita Tukio kilikuwa kimefunga mambo matatu kwa kamba moja. Liko Ombi: mtu au chombo, kwa kithibitisho fulani, ameomba kupita kivuko fulani kwa mwelekeo fulani. Uko Uamuzi: umekubaliwa au umekataliwa, na nani au na kanuni ipi, na kwa sababu gani, uamuzi wa kukataa unahifadhiwa sawasawa na wa kukubali, na soja wa zamu inayofuata anauona anapoandika jina lile au nambari ile. Na kuna Kupita: kwamba kweli aliyeomba alivuka. Hayo mawili ya mwisho nilikuwa nayahesabu kuwa moja, lakini geti likifunguka na dereva akaghairi, uamuzi upo na kupita hakupo. Na utingo akiingia bila kugusisha kadi, kupita kupo na ombi halipo. Mahali mtu alipo sasa hivi sitapahifadhi kama sifa ya Mtu, patatokana na kupita kwake kwa mwisho. Swali la "nani bado yumo ndani," ambalo zamu huliuliza saa 12 jioni na ambalo siku ya moto litaulizwa kwa kelele, litajibiwa kutoka hapo.

Kichwa na trela vimekuwa vyombo viwili, na kuungana kwao ni jambo lenye mwanzo na mwisho, kama kuazimwa kwa beji. Utingo atakuwa Mtu kamili, na Kupita kumoja kutaweza kubeba watu kadhaa na vyombo kadhaa.

Limebaki moja ambalo kurasa zote nilizosoma hazikunijibu, na Maalim ndiye aliyeniwekea mwiba huo. "Ameruhusiwa na ofisi" imejirudia karibu kila ukurasa, na hakuna hata mara moja jina lililofuata. Mzee, ofisi ilikuwa nani?

Mzee_wa_Geti

Marahaba mwanangu. Ilikuwa simu. Inalia kibandani, sauti inasema mpitishe huyo, inakatwa. Mara nyingine tuliijua sauti, mara nyingine hatukuijua, na kumuuliza mkubwa jina lake lilikuwa jambo la kukuletea barua ya onyo. Weka sehemu ya jina la aliyeidhinisha, na geti lisifunguke kabla haijajazwa. Lakini humo humo mpe soja nafasi ya kuandika "amepiga simu, hakutaja jina," pamoja na saa, kwa sababu usipompa ataandika jina lolote litakalomjia ili foleni isogee.